Barua ya Makka ya 1908 na jihadi ya 1914: Walituogopa, kisha wakatuhitaji



Ndugu msomaji, ukimuuliza kijana wa sekondari sababu za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, atakujibu bila kusita: mashindano ya silaha, mikataba ya siri, kugombea makoloni, na kuuawa kwa mrithi wa kiti cha Austria mjini Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Ni majibu sahihi na atapata alama zake. Lakini muongezee swali moja tu. Katika miaka ile ile ambayo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakijiandaa kupigana, Mwislamu wa Lindi, wa Kondoa au wa Tabora alikuwa wapi katika hesabu zao? Hapo utaona kimya.

Kimya hicho si kosa la kijana. Hatukumfundisha. Tumemfundisha historia ya vita vile kana kwamba ilianzia Ulaya, ikapigiwa Ulaya, na sisi huku tulipitiwa na vumbi lake tu. Ukweli ni kwamba miaka kumi kabla ya vita, Waislamu wa nchi hii walikuwa wakijadiliwa mjini Berlin, wakiandikiwa ripoti na kuulizwa maswali wasiyoyajua. Mwaka 1908 walionekana ni hatari. Mwaka 1913 serikali ilitafuta njia za kuizuia dini yao. Mwaka 1914 serikali ile ile ikawaambia wapigane jihadi upande wake. Makala hii inakusudia kuieleza safari hiyo ya miaka michache, na kuona ina funzo gani kwetu leo.

Mfalme aliyejiita rafiki wa Waislamu

Tuanze Damascus. Novemba 1898, Mfalme Wilhelm wa Pili wa Ujerumani alizuru nchi za Dola ya Uthmania. Akiwa Damascus alizuru kaburi la Salahuddin al-Ayyubi, akatoa hotuba akisema kwamba Sultani na Waislamu milioni 300 waliotawanyika duniani wamuhesabu yeye kuwa ni rafiki yao wa daima. Habari hizo zilienea katika ulimwengu wa Kiislamu na ziliwafurahisha wengi.

Kulikuwa na sababu ya kisiasa nyuma ya maneno hayo matamu. Uingereza ilikuwa imekalia Misri tangu 1882 na ilitawala India yenye mamilioni ya Waislamu. Ufaransa ilikuwa na Algeria na Tunisia. Urusi ilitawala Waislamu wa Asia ya Kati na Kaukasi. Ujerumani iliingia mbio za makoloni ikiwa imechelewa, na Waislamu iliowatawala walikuwa wachache ukilinganisha na wenzake. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kwake kujiita rafiki wa Waislamu, maana urafiki huo uliwakera wapinzani wake bila kumgharimu yeye kitu. Siku moja vita ikizuka, Waislamu wa India, Misri na Algeria wangeweza kuwa moto ndani ya nyumba ya adui.

Urafiki huo ulikwenda pamoja na biashara. Benki ya Deutsche Bank iliongoza mradi wa reli ya Anatolia na ile ya kwenda Baghdad, ambayo mkataba wake mkuu ulisainiwa mwaka 1903. Kampuni ya Philipp Holzmann ilikuwa miongoni mwa wajenzi wake. Msomaji wa Dodoma apaone hapo pia. Kampuni hiyo hiyo ya Holzmann ndiyo iliyojenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, kazi iliyoanza mwaka 1905, na Deutsche Bank hiyo hiyo ndiyo iliyoongoza mtaji wake. Reli iliyopita Ugogo na reli iliyoelekea Baghdad zilikuwa ndugu wa baba mmoja.

Serikali iliyowahitaji Waislamu

Je, huku kwenye koloni urafiki ule ulionekanaje? Hapa mambo yalikuwa na sura mbili.

Wajerumani waliingia kwa damu. Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyeongoza upinzani wa pwani, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Kabla ya hapo, mwaka huo huo, alikuwa amekishambulia kituo chao cha Mpwapwa, hapa hapa kwenye njia ya misafara ya Ugogo. Lakini baada ya kuishika nchi, Wajerumani waligundua kwamba hawawezi kuiendesha bila watu wa pwani. Nani angeandika barua? Nani angekusanya kodi ya nyumba iliyowekwa mwaka 1897? Nani alikuwa anajua lugha inayoeleweka kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji? Alikuwa ni Mswahili aliyesoma chuoni kwa mwalimu wake, na mtu huyo alikuwa Mwislamu.

Kwa hiyo maliwali, maakida, makarani na askari wengi walikuwa Waislamu. Serikali ilifungua shule Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, shule isiyofundisha Ukristo, na shuleni hapo likachapwa gazeti la Kiswahili la Kiongozi. Kila boma lililojengwa bara, liwe la Kilimatinde au la Kondoa, lilikuja na askari wake, karani wake na wafanyabiashara wake, na pembeni ya boma ikazuka mitaa ya Waswahili, na ndani ya mitaa hiyo ikajengwa misikiti. Hakuna aliyeipangia serikali ya Kijerumani kueneza Uislamu. Ulienea kwa sababu waliokuwa na elimu ya kuandika na lugha ya kuelewana walikuwa Waislamu, na walikwenda na dini yao popote walipotumwa.

Jambo hili liliwaudhi wamisionari. Walilalamika kwamba serikali ya nchi ya Kikristo inajenga Uislamu kwa fedha za walipa kodi. Katika Kongamano la Kikoloni lililofanyika Berlin mwaka 1905, suala la Uislamu lilipewa uzito. Mtaalamu wa lugha Carl Meinhof alikuwa miongoni mwa waliotaka Kiswahili kitenganishwe na Uislamu kwa kuachana na herufi za Kiarabu. Ndiyo kusema, hata hii herufi unayoisoma sasa hivi ilikuwa sehemu ya siasa za miaka ile.

Mwaka huo huo wa 1905 vikazuka vita vya Maji Maji. Vilianzia Umatumbi, vikaenea kusini yote mpaka mwaka 1907. Wajerumani walivizima kwa risasi na kwa kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa, yanaanzia watu 75,000 na kufika 250,000 au zaidi. Gavana Götzen akaondoka, akaja Gavana Albrecht von Rechenberg mwaka 1906, mtu aliyewahi kufanya kazi Zanzibar na aliyejua Kiswahili na Kiarabu. Serikali ilibaki na hofu moja kubwa: itatokea wapi Maji Maji ya pili?

Barua ya Makka

Katika hali hiyo ya hofu, katikati ya mwaka 1908, maafisa wa Lindi wakasikia habari za barua. Barua hiyo ilikuwa ikisomwa misikitini na kunakiliwa kwa mkono. Ilidai kwamba Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume (s.a.w.) huko Madina, amemuona Mtume usingizini, naye ameelezwa masikitiko juu ya umma ulioacha swala na kuzama katika maasi, kwamba Kiyama kimekaribia, na kwamba watu watubu na waisambaze barua hii. Wajerumani waliiita Barua ya Makka.

Msomaji atakuwa ameshatabasamu. Barua hii anaijua! Ni ule "Wasia wa Sheikh Ahmad" ambao wazee wetu waliuona umeandikwa kwa wino, sisi tukauona katika fotokopi unaletwa msikitini baada ya swala ya Ijumaa, na watoto wetu wanauona kwenye simu zao, pamoja na tishio lake kwamba asiyeusambaza atapata msiba. Maulamaa wameukanusha mara nyingi. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudi Arabia aliandika risala nzima kuonesha kwamba ni uzushi. Na haukuwa mpya hata mwaka 1908. Mtaalamu wa Kiholanzi Snouck Hurgronje alikwishaandika habari za wasia wa namna hiyo miaka ya 1880, ulipokuwa ukizunguka katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia.

Lakini afisa wa Lindi hakuyajua hayo. Yeye aliona mambo matatu. Aliona watu wanajaa misikitini kuliko kawaida. Aliona karatasi za Kiarabu asizoweza kuzisoma zikipita mkono kwa mkono. Na alikumbuka kwamba mwaka mmoja tu nyuma, kusini hiyo hiyo ilikuwa inawaka. Akahitimisha kwamba hii ni njama ya kuwatoa Wajerumani. Tahadhari ikapelekwa kwenye maboma mengine, nakala zikatafutwa, walimu wakahojiwa. Uchunguzi ukaelekezwa Zanzibar, kwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, yule maarufu kwa jina la Rumaliza, mfanyabiashara wa pembe na watumwa wa zamani wa Ujiji aliyenyang'anywa nguvu zake bara na Wazungu.

Kumbuka pia mwaka wenyewe ulivyokuwa. Mwaka 1908 ndio mwaka wa mapinduzi ya Vijana wa Kituruki. Ndio mwaka ambao Reli ya Hijazi ilifika Madina. Ndio mwaka ambao Austria iliimeza Bosnia, na Ulaya nzima ikatetemeka kwa hofu ya vita. Katika magazeti ya Ulaya neno kubwa lilikuwa "umoja wa Waislamu", yaani dhana kwamba Sultani wa Istanbul akibonyeza kitufe, Waislamu kutoka Morocco mpaka Java watainuka kwa pamoja. Barua ya Lindi ikasomwa kwa miwani hiyo.

Hakuna vita iliyotokea Lindi. Watu walikuwa wametishwa na Kiyama, wakakimbilia msikitini. Basi.

Mjadala wa Berlin

Baada ya tukio lile serikali ilifanya jambo la busara: ikatafuta mjuzi. Profesa Carl Heinrich Becker, wa Taasisi ya Kikoloni ya Hamburg, alipewa hati zilizokamatwa azichunguze. Mwaka 1911 alichapisha uchunguzi wake katika jarida la Der Islam, akaonesha kwamba barua ile ni moja katika mfululizo wa barua za aina yake zinazozunguka dunia ya Kiislamu, na kwamba vitabu vilivyokamatwa ni vile vile vya kawaida vinavyosomwa vyuoni: fiqhi, maulidi na nyiradi.

Becker alikuwa na vita nyingine mkononi. Oktoba 1910 Kongamano la Kikoloni lilikutana tena Berlin. Viongozi wa misheni walidai kwamba Uislamu ni hatari kwa koloni na kwamba serikali iache kuupa nafasi. Becker alipinga. Kwa maoni yake Uislamu wenyewe haukuwa adui wa dola, na kuufanya adui ndiko kungezaa hatari inayoogopwa. Lakini kongamano lilielemea upande wa wenye hofu.

Hapa tufanye uadilifu, kwani Qur'an katika Suratul Maida aya ya 8 inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya chuki juu ya watu. Becker hakuwa mtetezi wa Waislamu. Alikuwa mtumishi wa dola yake, na alitaka Uislamu ufahamike ili utawaliwe vizuri. Lakini alisema kweli katika jambo alilolijua, na alilisema mbele ya watu wasiotaka kulisikia. Vile vile si kila mmisionari alikuwa na nia ya kumdhuru jirani yake Mwislamu. Tunachokieleza ni siasa ya dola, namna taifa la watu lilivyogeuzwa kuwa faili.

Reli yafika Dodoma

Wakati mjadala ukiendelea, reli nayo ilikuwa inasonga. Ilifika Morogoro mwaka 1907. Mwaka 1908 Bunge la Ujerumani likaidhinisha iendelee mpaka Tabora. Mwaka 1910 ikafika Dodoma, mwaka 1912 ikafika Tabora, na Februari 1914 ikafika Kigoma.

Kabla ya reli, Dodoma haikuwa mji wa maana. Boma kubwa la Ugogo lilikuwa Kilimatinde, na mji wa kale ulikuwa Mpwapwa. Reli ilipopita ikaziacha pembeni zote mbili, na Dodoma ikainuka kuwa kituo na soko. Wakaja wapagazi waliogeuka vibarua wa reli, Wanyamwezi na Wamanyema, Waswahili wa pwani na wafanyabiashara wa Kihindi. Mji tunaouita leo makao makuu ya nchi ulizaliwa katika miaka ile minne ya mwisho kabla ya vita. Anayepanda treni mpya ya umeme iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 anafuata kwa kiasi kikubwa mkondo ule ule.

Kwa watawala, reli ilikuwa na maana mbili kwa pamoja. Ilibeba karanga na ngozi kwenda pwani, na iliweza kubeba askari na mizinga kwenda bara. Kwa wamisionari ilikuwa na maana ya tatu: ilikuwa inabeba Uislamu. Kila stesheni ilipata duka na msikiti. Malalamiko yakazidi, na Heinrich Schnee, aliyeshika ugavana mwaka 1912, alikuwa tayari kuyasikiliza kuliko Rechenberg aliyemtangulia.

Waraka wa 1913

Mwaka 1913 serikali ya Schnee ilianzisha uchunguzi wa koloni zima kuhusu Uislamu. Wakuu wa wilaya walitakiwa waeleze: Waislamu ni wangapi, misikiti mingapi, walimu ni akina nani, tarika zipi zinafuatwa, vitabu gani vinasomwa. Oktoba mwaka huo waraka wa Gavana ukawataka maafisa waeleze ni hatua gani zinaweza kuchukuliwa kuzuia kuenea kwa Uislamu. Kwa mujibu wa tafsiri iliyosambazwa baadaye na Waingereza, waraka huo uliulizia hata uwezekano wa kuipiga marufuku dini yenyewe, na kuutaja ufugaji wa nguruwe miongoni mwa wenyeji kuwa ni njia mojawapo ya kuizuia.

Nimesema "kwa mujibu wa tafsiri ya Waingereza" kwa makusudi. Waingereza waliukuta waraka huo Moshi walipouteka mji huo mwaka 1916, na wakauchapa ili kuwaonesha Waislamu unafiki wa Mjerumani. Kwa hiyo anayetuletea habari hapa ni adui wa mtajwa, wakati wa vita. Kwamba uchunguzi wa 1913 ulifanyika, na kwamba lengo lilikuwa kuudhibiti Uislamu, hilo halina shaka. Ama kila neno la tafsiri ile, mwanafunzi wa historia alichukue kwa tahadhari ile ile anayoichukua katika upokezi wa hadithi: kwanza anauliza ni nani aliyesimulia, na ana masilahi gani.

Jihadi iliyotoka Berlin

Agosti 1914 Dar es Salaam ilikuwa ikijiandaa kwa maonyesho makubwa ya kusherehekea kukamilika kwa reli. Badala ya maonyesho ikaja vita. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea iliupiga mizinga mnara wa simu ya upepo wa mji huo. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa umeacha mlango wa makoloni ya eneo hili kubaki nje ya vita za Ulaya, na Schnee mwenyewe alitamani iwe hivyo. Haikuwa.

Mwishoni mwa Oktoba Dola ya Uthmania iliingia vitani upande wa Ujerumani, na tarehe 14 Novemba 1914 fatwa ya jihadi ikatangazwa Istanbul. Msomaji aichunguze fatwa hiyo. Iliwaamrisha Waislamu walio chini ya Uingereza, Ufaransa na Urusi wawapige watawala wao. Waislamu walio chini ya Mjerumani haikuwagusa, maana Mjerumani alikuwa mshirika. Snouck Hurgronje, yule yule wa habari za wasia, aliandika mwaka 1915 kwamba vita hivyo vitakatifu vilitengenezwa Ujerumani.

Huku kwetu, serikali ambayo mwaka mmoja nyuma ilikuwa inawauliza maafisa wake wafanyeje ili Uislamu usienee, sasa ikawa inatangaza kwa askari wake na kwa raia kwamba Khalifa wa Waislamu ni rafiki wa Kaiser na kwamba vita hivi ni vya dini. Mwalimu aliyekuwa ameandikwa kwenye orodha ya wa kuchungwa akageuka kuwa mtu wa kuombwa dua!

Waingereza nao hawakulala. Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar aliwataka Waislamu wa Afrika Mashariki wabaki upande wa Uingereza. Aga Khan naye aliwataka wafuasi wake hivyo hivyo. Matokeo yake, Mwislamu alisimama mbele ya Mwislamu. Upande mmoja walikuwa askari wa Kijerumani, wengi wao Waislamu. Upande wa pili walikuwa askari wa KAR, wakiwemo Waislamu, na vikosi kutoka India, wakiwemo Mabaluchi. Kila mmoja alifunga Ramadhani na kila mmoja aliambiwa kwamba haki iko upande wake.

Ugogo walivyolipa

Aprili 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini yaliiteka Kondoa Irangi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Mei Wajerumani wakajaribu kuirudisha, wakashindwa. Tarehe 29 Julai 1916 Dodoma ikaangukia mikononi mwa Waingereza. Pande zote mbili zilichukua ng'ombe, zikachukua nafaka, zikachukua wanaume kuwa wapagazi. Mvua zilipokosekana, hapakuwa na akiba wala nguvukazi. Ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Makadirio ya wakati ule ni kwamba watu wapatao 30,000 walikufa kati ya wakazi 150,000 wa wilaya ya Dodoma. Ni mtu mmoja katika kila watano.

Na katika vita hivyo hivyo, walimu Waafrika wa misheni ya Kiingereza ya CMS katika Ugogo na Ukaguru walikamatwa na Wajerumani, wakafungwa kwa tuhuma za ujasusi. Yaani tuhuma iliyomfika mwalimu wa Kiislamu wa Lindi mwaka 1908 ilimfika mwalimu wa Kikristo wa Ugogo vita vilipozuka. Na njaa ya Mtunya haikuuliza mtu anaswali wapi.

Mafunzo kwetu

Kwanza, habari zichunguzwe. Allah (s.w.) katika Suratul Hujurat aya ya 6 ametuamrisha tuzichunguze habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na katika Suratun Nisaa aya ya 83 amewalaumu wanaoeneza habari za amani au za hofu kabla ya kuzirejesha kwa wenye kujua. Mwaka 1908 aya hizo zilivunjwa na pande zote mbili. Waislamu waliisambaza barua ya uzushi bila kuuliza isnadi yake. Watawala waliifanya njama bila kuuliza maana yake. Lau mwalimu mmoja wa Lindi angesimama na kusema kwamba dini imekamilika, kama inavyothibitisha Suratul Maida aya ya 3, na kwamba ndoto ya mtu haiwi sheria, barua ile isingewatia hofu watu wala isingewapa maafisa kisingizio. Leo kijana wetu anayesambaza kwenye simu ujumbe asioujua asili yake, uwe wa wasia au wa vita, ajue kwamba anaweza kuwatia wenzake matatani. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba yatosha kuwa uongo kwa mtu kusimulia kila analolisikia.

Pili, wenye mamlaka popote walipo wajifunze kwa Lindi. Msikiti kujaa si ushahidi wa njama. Maandishi ya Kiarabu si ushahidi wa uhalifu. Mtu ahukumiwe kwa alichokitenda, na asiyefahamu amuulize anayefahamu kabla ya kukamata.

Tatu, na hili ndilo kubwa: tuwe macho na kila anayekuja na urafiki wa dini wakati ana haja yake. Kaiser alijiita rafiki wa Waislamu mwaka 1898, Gavana wake akaitafutia dini yetu kizuizi mwaka 1913, na mwaka 1914 wote wawili wakaihitaji jihadi yetu. Hawakubadilika wao, wala hatukubadilika sisi. Iliyobadilika ni haja yao. Jihadi ina masharti yake katika fiqhi, ina nia yake na ina anayestahiki kuitangaza. Haiwi jihadi kwa sababu dola fulani imeishiwa askari. Kanuni hiyo inafaa pia katika siasa za kura, pale mwanasiasa asiyeonekana msikitini miaka minne anapokuja na mkeka na maneno ya udugu mwaka wa tano.

Nne, tuiandike historia yetu. Tumetegemea hati za Berlin na za London kujua babu zetu walisoma vitabu gani. Katika Kondoa, Mpwapwa, Dodoma na Tabora zimo nyumba zenye makasha ya karatasi za walimu wa zamani: ijaza, barua, hati za wakfu, orodha za wanafunzi. Mchwa wanazila. Madrasa na misikiti yetu ingeweza kuanza kwa jambo dogo tu, kila mmoja kuandika jina la mwalimu wake wa kwanza, alikotoka, na mwaka aliofika. Tukifanya hivyo, siku kijana wetu akiulizwa babu zake walikuwa wapi katika miaka iliyotangulia vita, atakuwa na jibu ambalo halikuandikwa na aliyekuwa akiwachunguza.

Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozingatia. Wallahu a'lam.